MOYO UMEZIBULIWA, VIDONGE VIKO WAPI?

Wakubwa wetu wanapenda kukata utepe. Utepe wa jengo, utepe wa mtambo, makofi, picha gazetini. Sijaona hata siku moja kigogo akikata utepe wa kidonge.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Zamani mgonjwa wa mishipa ya moyo alisubiri kibali cha serikali apelekwe India, na asiyekuwa na mtu wa kumsemea alisubiri mpaka kaburini. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka huo huo, nayo inazibua mishipa. Hilo ni jema.

Lakini unajua kinachofanyika? Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, anatanua palipoziba, kisha anaacha humo kineli kidogo cha waya kiitwacho stenti. Baada ya siku moja au mbili mgonjwa anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake. Anadhani amepona!

Hajapona. Damu ikikutana na chuma kigeni inataka kuganda. Ndiyo maana anaandikiwa aspirini pamoja na klopidogreli, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, na dawa ya kushusha mafuta ya damu ambayo kwa kawaida ni ya maisha. Akikatisha mapema bila daktari kujua, stenti inaweza kuziba ghafla, na wengi hawafiki hospitali.

Mjomba wangu, mkulima wa alizeti wilayani Mpwapwa, alizibuliwa akarudi kijijini. Mwezi wa tatu vidonge vikaisha. Zahanati hakuna. Kituo cha afya hakuna. Akaambiwa akanunue mjini, akauza mbuzi wawili. Mwezi uliofuata akaanza kumeza siku moja na kuruka siku moja, "ili visogee", bila kumwambia mtu. Mimi niliyeishia kidato cha nne ndiye niliyegundua, kwa kuhesabu vilivyobaki.

Tena hakuna aliyemweleza namna ya kuishi. Alikaa chini ya mbuyu kutwa nzima, akiogopa kushika jembe, akiogopa kupanda kilima, akiogopa hata mambo ambayo mpwa hapaswi kuulizwa na aliniuliza! Kumbe kutembea kila siku, kwa kuongeza kidogo kidogo, ni sehemu ya tiba. Hofu na huzuni baada ya tiba hii huwapata wengi. Ulaya mgonjwa hupangiwa wiki kadhaa za mazoezi akisimamiwa na wataalamu. Kwetu anapewa karatasi yenye mwandiko wa daktari na kutakiwa safari njema.

Sera ya Afya ya 2007 ilisema wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Novemba 2023 Bunge likapitisha, hapa hapa Dodoma, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Waheshimiwa walipiga meza. Sasa tunawauliza, wala hatuombi mtambo mwingine: klopidogreli itafika lini, bila kukatika, kwenye hospitali za Mpwapwa, Kondoa na Kongwa? Nani atamfuata mgonjwa kijijini ajue kama anameza?

Jana nimehesabu tena. Mjomba amebakiwa na vidonge tisa.