Wanahisabati Waje Tabora, Visingizio Basi!

Leo sigusi habari za boom wala msosi wa kafeteria. Leo nina hoja, na anayeipinga aje na namba, asije na kelele.

Hoja yenyewe: mikutano mikubwa ya hisabati ije Afrika, na ikija isiishie kwenye hoteli za ufukweni. Ije Tabora.

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Mkutano mkuu wa wanahisabati wa dunia ulianza Zurich mwaka 1897. Umeshafika Hyderabad 2010, Seoul 2014, Rio de Janeiro 2018. Wa 2022 ulipangwa Urusi, vita ya Ukraine ikausukumia mtandaoni. Wa 2026 ukapangiwa Philadelphia. Afrika je? Hata mara moja! Halafu Juni 2025 Marekani ikabana viza za nchi kadhaa, jirani zetu Burundi wakiwemo. Sasa kijana wa Bujumbura anayekesha na aljebra afanyeje? Mlango umefungwa hata hajabisha hodi.

Najua mtasema tuna mikutano ya Afrika nzima, kama Abuja 2013 na Rabat 2017. Mtasema pia tuna EAUMP, iliyoanza 2002 kuunganisha idara za hisabati za vyuo vikuu vya kanda yetu. Safi sana, nawapongeza. Lakini angalieni hiyo mitaa: ni majiji yale yale. Mtoto wa Sikonge au Urambo ataonana lini na mwanahisabati aliye hai?

"Tabora kuna nini?" Swali hili linaniudhi kweli kweli! Hiyo ndiyo Kazeh ya zamani, njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo: huku wanakwenda Ujiji, kule Karagwe na Buganda. Reli ilifika 1912, watu walishatembea njia hiyo miaka mingi. Mnyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30. Kiongozi wa msafara alipiga hesabu za doti, shuka, chakula na hongo ya kuvuka Ugogo. Sipambi historia, maana njia hiyo ilipitisha watumwa pia. Ila msinambie eti namba ni ngeni kwetu. Hata neno aljebra ni la Kiarabu, limetoka kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Elimu hutembea, jamani. Haina makao makuu.

Mnataka ushahidi? Abdus Salam alikulia Jhang, mji mdogo ambao leo uko Pakistani. Mwaka 1979 alishiriki Nobel ya fizikia kwa nadharia iliyounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia. Nadharia hiyo imesimama juu ya aljebra ya makundi, yaani hisabati ya ulinganifu: ukikigeuza kitu, nini kinabaki vile vile? Lakini 1964 alikuwa ameshaanzisha kituo cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, ili wasomi wa nchi maskini wapate pa kunoa akili bila kulazimika kuhama kwao. Trieste si Roma wala London, ni bandari ya pembezoni. Watu wakaenda, na bado wanaenda.

Gharama? Mwanahisabati hahitaji maabara ya mabilioni. Mpe ubao, chaki, chai na mtu wa kubishana naye. Tabora ina uwanja wa ndege, reli, chuo kikuu, na Tabora School aliyosoma Nyerere. Mwaka 2014 AIMS ilifungua kituo Bagamoyo, mwanzo wa njia ile ile ya misafara. Kwa nini fikra ziogope kupanda bara wakati wapagazi walipanda kwa miguu?

Simdai mtu mkutano wa watu elfu kadhaa kesho. Tuanze na shule ya wiki mbili ya aljebra na fizikia ya kihisabati, wageni kumi, na jioni mbili za wazi kwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunalia Hisabati imeburuza mkia. Somo linalofundishwa kama adhabu litapendwa na nani?

Naomba kutoa hoja. Wapinzani, hasa watani zangu Wazaramo, njooni kimbwetani na daftari.