Barabara Si Uwanja

Wako watu wanaodai kwamba Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ilikufa siku ilipofungiwa ndani ya mashamba ya Naivasha. Kila nikiwasikia nakereka. Wanachokililia ni barabara ya watu.

Ilianza mwishoni mwa Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa. Katikati ya miaka ya 1970 ikabaki Kenya peke yake. Njia ilibadilishwa mara nyingi, lakini hadi mwaka 2002 barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikuwa humo humo na basi la abiria, baiskeli na mama mwenye ndoo kichwani.

Ufundi siukatai. Joginder Singh alishinda mara 3, Shekhar Mehta mara 5, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1963 walimaliza 7 tu, na 1968 tena 7. Basi watu husimulia tope na mafuriko, wakanyamaza kuhusu ile ngao ya vyuma iliyofungwa mbele ya gari. Ngao ile ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya ng'ombe wa mtu! Baadaye timu tajiri zikatanguliza helikopta kumwonya dereva. Mchunga ng'ombe yeye alionywa na vumbi.

Tazameni wenzetu. Huko Marekani, katika uwanja wa Daytona uliofunguliwa mwaka 1959, walijenga barabara yenye kona ndani ya uwanja wenyewe, ili anayetaka mbio za kona azipate bila kuingia njia ya mwenye shughuli zake. Italia walikuwa na Mille Miglia, mbio za barabara za kawaida tangu 1927. Mwaka 1957 gari la Alfonso de Portago lilipasuka gurudumu, likaua watazamaji 9, watano wao watoto. Serikali ikasema basi. Sisi tuliendelea miaka 45 zaidi, tukaiita sifa.

Sidai kwamba Safari ilipita hapa Ngulyati. Lakini barabara yetu naijua. Msimu wa pamba utakuta mkokoteni umesheheni, ng'ombe wawili wanavuta, mtoto wa miaka kumi ameshika fimbo mbele yao. Hana kioo cha kutazama nyuma. Siku ya gulio mbuzi, wazee na watoto wa shule hujaa njia nzima. Halafu linakuja basi, dereva kainama juu ya usukani, na abiria ndani wanamshangilia kwamba ni Joginder! Jina la bingwa limegeuzwa ruhusa ya kuua. Anayewasimulia vijana kwamba mbio halisi ni zile za barabara wazi ndiye anayemshangilia dereva huyu, hata kama hajapanda basi lake.

Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, vipande vya mbio vilifungwa. Wanasema ni bandia, kwamba jasho limepungua. Na lipungue. Anayeitaka ile ya zamani aje kwanza Ngulyati siku ya gulio, asimame na yule mtoto wa mkokoteni, amwambie ni kona ipi ya barabara hii anayomwomba aiache.