Lipiko Lisilo na Mwenyewe

Katika nchi za Ulaya na Marekani ipo biashara ya vitu vikuukuu ambayo mtu wa Mtwara akisimuliwa huenda akacheka. Raketi ya tenisi ya mbao, iliyopinda kwa unyevu na kukatika nyuzi, haina thamani kubwa. Viwanda vilitoa raketi za namna hiyo kwa mamilioni, mpaka miaka ya 1980 zilipoondolewa viwanjani na raketi za vitu vipya. Lakini ikithibitika kwamba raketi hiyo moja, wala si ndugu yake aliyetoka naye kiwandani siku ile ile, ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mchezaji fulani katika mashindano fulani, bei yake hupanda mara moja, na watu wazima wenye akili timamu hushindana kuinunua. Viatu vyake navyo ni hivyo hivyo.

Uthibitisho huo haupatikani kwa kusoma jina lililopigwa mhuri. Jina la Jack Kramer lilipigwa juu ya raketi za Wilson zilizouzwa kwa watu wasiohesabika, ambao Kramer hakuwahi kuwaona wala wao kumwona. Viatu vyeupe vya adidas vilibeba kwanza jina la Mfaransa Robert Haillet katika miaka ya 1960, kisha katika miaka ya 1970 vikavaa la Mmarekani Stan Smith; kiatu hakikubadilika sana, bali jina. Basi mpelelezi hulipita jina akaenda kwenye dalili nyingine. Hutazama mpini umelika wapi, na kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Hupima nyuzi zilivyokazwa, maana Björn Borg, aliyeshinda Wimbledon mara tano mfululizo tangu 1976 hadi 1980, alizikaza kupita kiasi cha wenzake. Hutafuta vipande vya risasi vilivyobandikwa ili kuongeza uzito. Huchunguza kama rangi ni yake au imepakwa kufunika umbo jingine, kwa kuwa wachezaji wa kulipwa wana desturi ya kushikilia raketi waliyoizoea, ikapakwa sura ya ile mpya ambayo kampuni inataka kuiuza. Kwenye kiatu huangalia soli ilivyoliwa upande wa mguu ambao mchezaji huuburura anapoanzisha mpira. Mwisho huleta picha za magazeti ya zamani, akalinganisha mstari mmoja mmoja wa mbao na mkwaruzo mmoja mmoja, mpaka shaka imwishie.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Chini ya fedha na ushindani wake limo swali la kiungwana kabisa: nani alikitumia kitu hiki? Na anayeuliza swali hilo amekwisha kukubali kwamba kitu hakikujitengeneza wala hakikujitumia, bali alikuwako mtu.

Sasa na itazamwe kadi iliyowekwa chini ya lipiko. Lipiko, msomaji ajuaye mambo ya Ruvuma hahitaji kuambiwa, ni kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa kikawa na uwazi ndani, ambacho mchezaji wa Kimakonde hukivaa juu ya kichwa chake na kukiinamisha nyuma, akaona njia kupitia kinywa cha kinyago. Juu yake hupachikwa nywele za mtu, na usoni hutiwa chale, za kuchorwa au za nta ya nyuki. Katika makumbusho mengi ya dunia kadi yake husema maneno yasiyopishana sana: Makonde, mto Ruvuma, mti, nywele, nta, karne ya 19 au ya 20. Basi. Mti umetajwa, nyuki ametajwa kwa nta yake, mto umetajwa. Mtu hakutajwa. Kabila zima limesimamishwa mahali pa mtu mmoja, kana kwamba Wamakonde wote wa Newala, Tandahimba na Mueda walikusanyika asubuhi moja, kila mmoja na tezo yake, wakachonga sikio hili.

Walinzi wa vitu hivyo wana majibu yao, na haki yadai kwamba yasikizwe.

Jibu la kwanza ni la siri. Husema kwamba mapiko ni mambo ya jando. Kwamba wanawake na watoto hawakupaswa kujua kuwa ndani ya kinyago mna mtu. Kwamba kulitafuta jina la mchezaji ni kuvunja desturi ya wenyewe. Jibu hili lina sura ya heshima, walakini ni kisingizio. Siri ya lipiko ilikuwa siri kwa wasiotiwa jandoni, tena siku ya ngoma. Haikuwa ujinga wa kijiji kizima. Waliokwisha kupita jandoni walimjua mchezaji kwa mwendo wa miguu yake, na walimjua mchongaji kwa mkono wake, maana ndio waliomwendea kumwagiza. Kunyamaza mbele ya mgeni ni jambo moja, na kutojua ni jambo la pili. Aliyechukua kinyago akakipandisha meli, akakiweka katika kabati la kioo ili watazamwe na wanawake na watoto wa miji mikubwa, siri ipi tena anayoilinda? Ameitoa siri yote nje, akabakiza kuficha kitu kimoja tu, nacho ni jina la mwenye kazi.

Tena, siri yenyewe ilikwisha legea mikononi mwa wenyewe. Tangu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, na baada ya uhuru wa 1975, mapiko yalichezwa hadharani kama ngoma ya taifa. Paolo Israel, katika kitabu chake juu ya mapiko kilichotoka mwaka 2014, alikaa na wachezaji na wachongaji wenyewe na kuwaandika kwa majina yao. Kwa upande huu wa mto, J. A. R. Wembah-Rashid alichapisha mwaka 1971, katika jarida la African Arts, makala juu ya isinyago na midimu ambayo huonyesha jinsi mtu wa Makumbusho ya Taifa alivyoweza kuingia katika jambo kwa adabu na kutoka na maarifa. Desturi haikuanguka.

Jibu la pili ni kwamba lipiko moja huvaliwa na wengi, na mchwa hulila kabla halijazeeka, hivyo hakuna mtumiaji mmoja wa kutafutwa. Lakini raketi nazo? Mchezaji mmoja alikuwa nazo kadhaa za mfano mmoja, akavunja hii, akampa mtoto ile, akaisahau nyingine katika gari moshi. Hata hivyo watu hutafuta na kupata. Na lipiko lina dalili nyingi kuliko raketi. Ukingo wa ndani umelainishwa na jasho. Matundu ya kufungia nguo yametanuka upande mmoja kuliko wa pili. Kinywa kimeongezwa kwa kisu, kwa sababu aliyelivaa baadaye alikuwa na macho yaliyokaa mahali pengine. Nta imebandikwa upya na mkono usio wa mchongaji. Haya yote husomeka, lakini kwa sharti moja: asomaye awe na watu wa kuwauliza, na watu hao hawako Paris wala Geneva.

Geneva haikutajwa bure. Mwaka 1984 vitu viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na miongoni mwake lilikuwamo lipiko. Mwaka uliofuata lilinunuliwa Paris na jumba la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enrico Castelli, akalitambua. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa kazi ya kutambua kitu ni kazi gani: si pambo la wasomi, ni ushahidi wa hakimu. Hata hivyo tangu kutambuliwa mpaka kurudishwa ilipita miaka 20, na hati zilitiwa saini mwezi Mei, 2010. Mwezi huo huo, tena, ndipo Daraja la Umoja lilipofunguliwa juu ya Ruvuma, na Wamakonde wa pande mbili wakavuka kwa miguu mikavu mpaka ambao Wajerumani na Wareno waliwawekea mwaka 1886. Lipiko lilirudi kwa sababu ilithibitishwa kuwa lilikuwa mali ya Makumbusho. Taifa lilipata chake, na lilistahili. Lakini mezani palipotiwa saini aliyezungumzwa ni mwenye kabati. Aliyechonga na aliyecheza hawakuwa sehemu ya shauri, na hilo halikumshangaza mtu yeyote.

Hapa ndipo penye faida ya wafanyabiashara. Mahali ambapo hakuna jina, hakuna wa kukanusha. Kinyago kilichochongwa juzi hutiwa moshi, hufukiwa udongoni majuma machache, hupakwa mafuta, kikatoka na miaka 80. Mti mweupe wa kawaida hupakwa dawa ya viatu, ukauzwa kwa mtalii kwa jina la mpingo. Mnunuzi huambiwa kwamba kimetoka kwa mzee mmoja ndani kabisa, huko Ruvuma. Na mzee huyo hana jina, hana kijiji, hana mjukuu wa kuulizwa. Nani angethubutu kuuza raketi ya Borg kwa hadithi kama hiyo?

Na isidhaniwe kwamba jina la Mmakonde ni jambo lisilowezekana kwa asili yake. Wachongaji waliovuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye wakajikusanya Dar es Salaam, walipata wanunuzi waliouliza jina. Basi jina likapatikana. Samaki Likankoa anajulikana kwa vinyago vya shetani tangu miaka ya 1950. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kila vinapotajwa vinyago vya watu waliobebana, vile ambavyo baadaye viliitwa vya ujamaa. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi na kufariki mwaka 2005, jina lake limeandikwa chini ya kazi zake mpaka ng'ambo. Watu hawa hawakuwa wa taifa jingine wala wa desturi nyingine. Wengi wa rika lao walipita katika jando lile lile na kuyaona mapiko yale yale. Tofauti ilikuwa kwa mwenye kununua: mmoja aliuliza, na mwingine hakuona haja.

Lawama haikomei kwa wageni. Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara, mgeni huonyeshwa nyumba yenye kibao cha kumkumbuka David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866 na kukaa majuma mawili hivi kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Ushahidi wa nyumba yenyewe ni kwamba inasemekana. Kwa mpita njia, inasemekana imetosha kibao. Kwa mchongaji aliyeishi hapo na kufa hapo, ushahidi wa wajukuu wake hautoshi hata kadi. Na katika michezo ya leo hali si njema zaidi. John Stephen Akhwari alimaliza mbio ndefu za Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, na dunia ikamsifu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Ni watoto wangapi wa shule waliowahi kumsikia mwalimu akiuliza viatu vya siku zile viko wapi?

Kiswahili nacho kina deni lake. Neno kinyago limemeza lipiko, midimu na sanamu ya mpingo, likavifanya vyote kitu kimoja cha kuchekesha au kutisha watoto. Ajabu ni kwamba methali ina maarifa kuliko kamusi, maana husema kinyago hakimtishi aliyekichonga. Yaani hata methali inamjua mchongaji, inajua yupo, na inajua anavyokitazama. Mtungaji wa kamusi angeweza kuanzia hapo, akaenda Newala kuuliza majina ya sehemu za lipiko kama yanavyotajwa na wenye kulivaa, badala ya kuyatafsiri kutoka katika vitabu vya Kijerumani.

Vitabu hivyo vina faida, hilo lisikanushwe. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, wakati moshi wa Majimaji haujatulia, akarudi Leipzig na vinyago, picha na sauti zilizonaswa kwa santuri za nta. Sehemu ya hazina ya jumba lile iliteketea kwa mabomu mwezi Desemba, 1943. Iliyosalia ingali na manufaa. Kwa vinyago vya 1906 huenda majina mengi yamekwisha kupotea pamoja na waliokuwa nayo. Lakini viko vilivyochukuliwa katika miaka ya 1950, 1960 na 1970, na watu waliocheza miaka hiyo bado wanakaa barazani Kitaya, Tandahimba na Newala, wakibangua korosho. Kila masika inapopita wanapungua.

Kinachotakiwa si kikubwa. Picha za vitu hivyo, za ndani na za nje, zichapishwe na kupelekwa vijijini. Aendaye awe anasema Kimakonde, au aongozane na anayekisema, na asiende siku moja akarudi na kiburi cha mtafiti. Aulize nani alichonga, nani alivaa, katika jando la mwaka gani, na nani alikiuza na kwa nini. Maana mara nyingine aliyeuza hakuwa na ruhusa, na hilo nalo liandikwe. Penye majibu mawili yanayopingana, yaandikwe yote mawili pamoja na majina ya waliosema, ikiwa wenyewe wameridhia. Na kadi zibadilishwe: chini ya mti, nywele na nta uwepo mstari wa mchongaji na mstari wa mchezaji. Mstari usiopata jina uachwe wazi, wala neno Makonde lisitiwe hapo kuuziba. Basi la kwenda Newala huondoka Mtwara kila siku, na nauli yake haifiki bei ya kioo cha kabati moja.