Vitenzi vya Kifaransa Vinaonewa

Ukitaja Kifaransa Mbinga mjini, hukumu ni ileile: vitenzi vyake vinapasua kichwa, si lugha ya mtoto wa kijijini. Naikataa. Mtoto wa Mbamba Bay husema "ninakula", akikataa husema "sili", na ile "ku" huitupa njiani bila kufundishwa na mtu. Huyo ndiye atakayeshindwa na je mange, tu manges?

Tuhesabu. Ninasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema: sita, kila moja na sauti yake. Mfaransa ana je parle, tu parles, il parle, ils parlent. Kwenye daftari zinatofautiana, masikioni zote nne ni moja. Zinazobaki ni parlons na parlez. Nani kati yetu ana lugha ngumu?

Likizo iliyopita nilikaa ufukweni na binti wa kidato cha kwanza, mama yake akianika usipa kwenye chanja. Daftarini alikuwa ameandika "je suis faim", na kalamu nyekundu imepita juu yake bila maelezo. Alikuwa ametafsiri kutoka Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofundishiwa. Nikamuuliza, "Wewe njaa ikikuuma unasemaje?"

"Nina njaa."

"Basi nina ndiyo j'ai."

Akaandika j'ai faim. Kisha mwenyewe, bila kuniuliza: j'ai soif, nina kiu, j'ai quatorze ans, nina miaka kumi na minne.

"Kumbe ni hivyo tu, kaka?" mama yake akasema.

Si hivyo tu, dada. Hata kukanusha tunafanana: sisi tunakibana kitenzi kwa "ha" mbele na "i" nyuma, hawasemi, wao wanakibana kwa ne na pas, ils ne parlent pas. "Ninakuona" huweka "ku" kabla ya "ona", na je te vois huweka te palepale. Kumpitisha mtoto huyu kwenye Kiingereza, ambacho chenyewe bado anakikimbiza, ni kumtoa Liuli kwenda Mbamba Bay kwa kuzungukia Songea.

Être, nakiri, hana adabu: suis, es, est, sommes, êtes, sont. "Ni" yetu haibadiliki, kwa hiyo hapo haitusaidii, ni kukariri tu. Binti ameukunja ukurasa huo pembeni. Anasema atauanza akimaliza kugeuza usipa.