Tamko la Wapiga Picha wa Mitaani wa Dar es Salaam Kuhusu Picha za Jioni za Mvua

Sisi wapiga picha wa mitaani wa Dar es Salaam, tuliokutana kujiandaa na msimu wa masika, tunatoa tamko hili kwa wanachama wetu, kwa askari na walinzi wa katikati ya jiji, kwa wafanyabiashara wa mitaani na kwa kila mkazi anayekutana na kamera zetu jioni mvua inaponyesha.

Tunaanza na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hutuuliza tunatafuta nini kwenye matope. Jiji hili liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la huku halikawii kuzama. Mwezi Aprili linatua kati ya saa 12 na robo na saa 12 na nusu jioni, na dakika 20 hivi baadaye giza limeshaingia. Katika muda huo mfupi anga bado lina bluu, taa za barabarani zimeshawaka, na mianga hiyo miwili inakaribia kulingana nguvu. Ukiwahi, taa hazionekani. Ukichelewa, anga ni jeusi tupu. Mvua nayo hubadilisha barabara. Lami kavu hutawanya mwanga kila upande, lakini ikilowa hufunikwa na utando wa maji unaourudisha mwanga kama kioo, na viwimbi vidogo vya maji hayo huurefusha. Ndiyo maana taa ya breki ya daladala huchora mstari mwekundu unaofika hadi miguuni pa mpiga picha.

Mtaa wa Samora, kutoka Sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927 hadi Mnara wa Saa, huwa mtaa mwingine kabisa jioni kama hizo. Kariakoo, kwenye Mtaa wa Msimbazi, wauza nguo hufunika meza zao kwa nailoni huku balbu zikiendelea kuwaka chini yake, na muuza mahindi ya kuchoma hulikinga jiko lake kwa mwamvuli kabla hajajikinga mwenyewe. Vituo vya mabasi ya Mwendokasi hujaa watu waliotoka kazini, viatu mkononi. Hayo ndiyo maisha ya wengi wetu kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, masika na vuli, lakini hayaonekani kwenye picha za jiji letu. Kalenda na mabango hutuonyesha ufukwe na jua. Mvua huonyeshwa inapoleta mafuriko tu. Sisi tunasema jioni ya kawaida ya mvua nayo ni historia, na inastahili kuhifadhiwa. Paul Martin alipiga picha za London usiku, chini ya taa za gesi, katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Brassaï akafanya hivyo kwa Paris. Leo usiku wa mitaa ile tunaujua kwa sababu watu hao walitoka nje na kamera zao. Nani atawaonyesha wajukuu zetu Kariakoo ya leo?

Hata hivyo, mtaa si studio yetu. Una wenyewe, na wengi wao wako kazini. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatukumbusha kwamba picha inayomtambulisha mtu si mali ya kuchezea. Kwa hiyo tumejifunga kwa masharti, na mwanachama atakayeyavunja atanyang'anywa kitambulisho.

Flashi ni marufuku barabarani wakati wa mvua. Inampofusha dereva wa bodaboda ambaye tayari haoni vizuri, na hata picha yenyewe huiharibu, kwani humulika matone yaliyo karibu na lenzi yakawa madoa meupe. Hakuna kusimama kwenye njia ya Mwendokasi, wala kusogelea nguzo yenye waya uliokatika, hata picha iwe nzuri namna gani.

Mtu akiwa ndiye kiini cha picha, asalimiwe na aombwe. Mama aliyeketi na jiko lake anastahili shikamoo kabla ya kamera. Akikataa, picha ifutwe mbele ya macho yake. Akikubali, apelekewe nakala. Mwanamke ambaye nguo zimelowa zikamng'ang'ania mwilini hapigwi picha, na hilo halina mjadala. Vivyo hivyo mtu aliyelala barazani kwa kukosa pa kwenda, na mtoto asiye na mkubwa wake.

Bonde la Msimbazi likijaa na maji yakapanda Jangwani, kazi hubadilika. Hapo hatutafuti tena rangi za taa kwenye maji yaliyoingia vyumbani mwa watu. Atakayepiga picha apige kama mwandishi wa habari, aseme wapi na lini, na kama mkono wake unahitajika kubeba godoro, kamera irudi kwenye begi kwanza.

Kwa askari na walinzi: tunajua yako maeneo yasiyopigwa picha, na hatuelekezi lenzi Ikulu, bandarini wala kwenye majengo ya ulinzi. Lakini barabara ya umma yenye taa na watu si eneo la siri. Wanachama wetu wamewahi kunyang'anywa kamera na kulazimishwa kufuta kazi ya jioni nzima mbele ya duka lililofungwa. Tunaomba muulize kwanza, mwone kitambulisho, na palipo na shaka mwite mkubwa wenu kabla ya kugusa kifaa cha mtu.

Nanyi wakazi wenzetu, mkituona chini ya baraza la duka tukisubiri mvua ipungue, tuulizeni tunachofanya na mtake kuona picha. Msizotaka ziwepo, semeni. Tutafuta.

Imetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.