Shavu Si Nguzo ya Nikahi



Sisi kazi yetu ni kushona nguo za maharusi, na wiki ya harusi ndiyo wiki tunayoona mengi. Mfunguo Mosi uliopita alikuja mwari wetu mmoja, siku ya Jumatano, kujaribu nguo yake kwa mara ya mwisho. Kajifunga mtandio mpaka puani. Alipoufungua, shavu la kulia limevimba kama kaficha embe. Jumanne asubuhi kang'olewa gego la mwisho, lile linaloitwa jino la busara, na Jumamosi ndiyo nikahi. Alilia mpaka nguo tukaiweka pembeni.

Tumelifikiri sana jambo lile, na leo tunasema wazi: tunamtayarisha biharusi kila kitu isipokuwa kinywa chake. Hina tunaipangia siku, singo ina siku zake, nguo tunachukua vipimo miezi mitatu kabla. Jino linamuuma tangu mwaka jana, tunamwambia aweke karafuu, avumilie mpaka harusi ipite. Karafuu inatuliza, hatukatai, lakini haliondoi gego lililolala ndani ya fizi. Magego haya mara nyingi huota kati ya miaka 17 na 25, umri ule ule ambao wasichana wetu wengi wanaolewa. Basi mnapopeleka kitambaa kwa fundi, wiki hiyo hiyo nendeni na kwa daktari wa meno.

Na kama limeshang'olewa? Jueni kwanza kwamba kuvimba ni kawaida, ndivyo mwili unavyojitibu. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na wengi baada ya wiki au siku kumi uso umerudi. Mwari wetu aling'oa Jumanne, kwa hiyo Alkhamisi na Ijumaa ndiyo uvimbe ulikuwa unafika juu kabisa. Hesabu hiyo haishindwi kwa poda.

Kosa jengine lilifanyika nyumbani, kwa mapenzi tu. Mashangazi walimkanda kwa maji ya moto usiku ule ule, wakamsugua na mafuta. Likazidi. Siku mbili za mwanzo ni za barafu. Ifunge katika kipande cha kanga, iweke shavuni kwa nje dakika 15 hadi 20, pumzika muda kama huo, kisha rudia. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Kitambaa cha vuguvugu kinafaa baada ya siku mbili hizo. Singo ya uso na kujifukiza visubiri.

Siku ya kwanza usisukutue kwa nguvu, usiteme kwa nguvu, na hata dafu usinywe kwa mrija. Damu iliyoganda pale ndiyo kifuniko cha kidonda, ikitoka utaumwa zaidi siku zinazofuata. Kuanzia siku ya pili, maji ya vuguvugu na chumvi, taratibu, baada ya kula. Kula uji uliopoa na viazi vya kuponda. Dawa za maumivu ni zile alizokuandikia daktari, si zilizobaki kwenye mkoba wa jirani.

Dada wengine wanatuuliza: na udhu? Kwa madhehebu yetu ya Shafii kusukutua ni sunna, udhu unasihi bila yake. Mswaki nao upitishe mbali na kidonda. Na aliyeambiwa na daktari asiiname, amuulize ustadhi wake namna ya kuswali kwa kukaa na kuashiria. Dini yetu ni nyepesi, tusijitie uzito wenyewe.

Lakini uvimbe ukizidi kupanda baada ya siku ya tatu, ukapata homa, usaha, damu isiyokatika, mdomo ukazidi kukaza, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, hospitali siku hiyo hiyo. Mtandio unaweza kukuficha kwa wageni, usikufiche kwa daktari.

Sasa mwari wetu. Mama yake alikaa dukani kwetu, akafikiri, kisha akasema: "Nguzo za nikahi tunazijua. Mume, mke, walii, mashahidi wawili, na sigha. Shavu halimo." Jumamosi nikahi ilisomwa msikitini kama ilivyopangwa, biriani ikaliwa. Sherehe ya wanawake ndiyo iliyosogezwa mpaka Jumapili ya wiki ya pili yake.

Hatusemi ilikuwa rahisi. Arubuni ya ukumbi ilipotea, na maneno yalisemwa, wako hata waliosema binti kapigwa. Mama akawaambia ukweli kila aliyeuliza: kang'oa jino. Maneno yakaisha yenyewe. Wako watakaosema fedha ile ni nyingi kuipoteza kwa ajili ya uso. Nasi tunasema angeketi jukwaani masaa manne, kidonda kinapiga, hawezi kutabasamu wala kula, na picha zile angezificha maisha. Alipotoka Jumapili ile, alicheka meno yote nje.

Mwili ni amana, na kujitibu tumeamrishwa. Tusiwafundishe mabinti zetu kwamba maumivu yao yasubiri wageni waondoke. Mama, somo, shangazi: mwari akikwambia jino linauma, mpeleke mapema. Na likimkuta karibu na siku yake, sogezeni jukwaa, nikahi haina neno.

Allah awape maharusi wetu wote afya, sitara na ndoa zenye baraka. Amin.