Mfumo Wapeni Wenye Kazi

Kuna imani imeota mizizi maofisini mwetu, kuanzia kampuni za bima mpaka maduka ya jumla, kwamba kazi ikishaguswa na kompyuta inakuwa ya watu wa kompyuta. Mkurugenzi anarudi kutoka semina Arusha, anatangaza kwamba "tunaingia kwenye mfumo," na kabla chai haijapoa suala zima limeshatua mezani kwa mkuu wa TEHAMA. Yeye ndiye atakayechagua kazi ipi ianze, atakayetafuta kampuni ya kuutengeneza, na atakayesaini kwamba umekamilika. Mhasibu mkuu na mkuu wa stoo wataitwa siku ya mafunzo, wapewe soda na neno la siri.

Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu.

Sina ugomvi na watu wa TEHAMA. Ni mafundi, na fundi mzuri ni wa kutunzwa. Lakini fundi cherehani hakuchagulii harusi ya kwenda. Ukimwachia mtu wa kompyuta achague kazi ya kuweka kwenye mfumo, atachagua ile inayokaa vizuri kwenye kompyuta, au ile ambayo bosi anailalamikia kila Jumatatu. Atachagulia wapi pengine? Hajawahi kupokea mzigo saa nne usiku wala kufunga hesabu za mwezi huku taarifa ya benki inakataa kulingana na vitabu.

Chukua stoo ya saruji. Lori linashusha mifuko 600. Kumi na miwili imepasuka. Dereva anakubali saba, mitano anasema imepasuliwa na wapagazi wenu. Kwenye skrini kuna kisanduku kimoja tu: idadi iliyopokelewa. Mtunza stoo anajaza 600 ili hati itoke na lori liondoke, kisha anavuta daftari kubwa lililo chini ya meza na kuandika yaliyotokea: namba ya gari, jina la dereva, saba iliyokubaliwa, mitano ya ubishi. Tangu siku hiyo ofisi ina vitabu viwili. Cha bosi kina rangi na michoro, ila cha chini ya meza ndicho kinachojua saruji ilipo. Halafu tunaambiwa kwenye kikao kwamba wafanyakazi "hawataki mabadiliko."

Nairobi waliyaona haya kwa kiwango cha jiji zima. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ambayo abiria aliigusisha kwenye simu ya kondakta nauli ikalipwa. Serikali nayo ikaagiza matatu ziache kupokea fedha taslimu. Tarehe ya mwisho ikawekwa Julai 2014, ikasogezwa Desemba, kisha agizo likafifia. BebaPay ilifungwa Machi 2015.

Karatasini wazo lilikuwa safi: mwenye gari aone mapato yake bila kuibiwa. Tatizo ni kwamba waliolipanga si wao walioikusanya ile nauli. Nauli ya matatu haijabandikwa ukutani. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni inapanda, abiria wakiadimika inashuka, na mama mwenye watoto wawili anapatana palepale mlangoni. Fedha ya safari ya asubuhi ndiyo inayonunua mafuta ya safari inayofuata, inamlipa manamba wa steji na, tuseme yasiyosemwa, inamtuliza askari wa barabarani. Kadi iliipeleka fedha hiyo benki, gari likabaki barabarani na kondakta mikono mitupu. Mkitaka kuvunja utaratibu huo, uvunjeni kwa kuukabili, si kwa kujifanya haupo.

Leo panda matatu uone. Kondakta anakutajia nauli, mnabishana kidogo, anakusomea namba, unatuma kwa M-Pesa. Kilichoingia kwenye mashine ni kule kukabidhiana fedha tu. Kupatana kumebaki mdomoni, mahali pake. Mpaka huo, wa wapi mashine ianzie na wapi iishie, umechorwa na kondakta na abiria wake, na ndiyo maana umedumu.

M-Pesa yenyewe ilikaribia kukosea njia. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya, walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Watu waliopewa simu wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe, za biashara na za nyumbani. Wahusika wakayatazama hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ni ya kutuma fedha nyumbani. Kazi ya kuingiza kwenye mfumo ilichaguliwa na waliokuwa wakiifanya, na sifa ya wakubwa ni kwamba walikubali kuiona. Mkuu wa mradi ambaye angeng'ang'ania mkataba ulivyoandikwa angekamilisha kazi kwa wakati na leo tusingekuwa tunamzungumzia.

Najua nitajibiwaje. Wenye kazi ndio wezi. Ukimpa karani usukani, atalinda mwanya wake. Hoja hiyo ina uzito, na sitaikwepa. Hapa Tanzania malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye namba ya malipo tangu mwaka 2017, na afisa aliyezoea kupokea noti dirishani hakuomba mabadiliko hayo. Alilazimishwa, na ilikuwa haki alazimishwe. Lakini tazama nani aliyashika mageuzi hayo: Wizara ya Fedha, mwenye mapato, ambaye fedha ikipotea ndiye inayempotea. Mwenye kazi ninayemtetea ni huyo anayebeba hasara. Akae na karani, amsikilize, amtilie shaka inapobidi, kisha aamue. Tazama pia walichochagua: kulipa kiasi kinachojulikana kwenda mahali panapojulikana. Namba ya malipo haikukadirii kodi. Hilo limeachwa kwa watu, pamoja na ugomvi wake wote.

Mahali ambapo hakuna mwenye kazi mwenye ubavu wa kusema "mfumo unadanganya," mambo huenda vibaya kuliko tunavyodhani. Posta ya Uingereza ilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye matawi, na hadi mwaka 2015 zaidi ya waendeshaji 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika wakilipa madeni ambayo hayakuwapo. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Mtu aliyekuwa akihesabu noti kwa mkono kila jioni ndiye aliyejua kwamba hesabu si kweli, na ndiye ambaye hakuna aliyemwamini.

Basi ukichagua kazi ya kukabidhi kwa mashine, usianze na ile inayokukera zaidi. Kazi kero mara nyingi ni kero kwa sababu ina mapatano ndani yake, na mashine haijui kupatana. Anza na ile ambayo makarani wawili, bila kuulizana, wataifanya kwa namna ileile: kulinganisha malipo na ankara, kukumbusha mdaiwa, kutoa risiti. Na kabla ya kuiingiza, punguza. Mmarekani Michael Hammer alilisema hili mwaka 1990 katika Harvard Business Review, kwamba tunatumia kompyuta kuharakisha taratibu ambazo zingepaswa kufutwa, na tangu hapo tumeendelea kufanya hivyohivyo. Fomu ya kuomba vifaa yenye sahihi tano, ukiiweka kwenye mfumo, ni fomu yenye sahihi tano ambayo sasa inasubiri intaneti ya Dodoma. Kuondoa sahihi tatu kati ya hizo hakuhitaji programu yoyote. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka juu ya wanaosaini, na mkuu wa TEHAMA hana mamlaka hayo hata umpe bajeti kiasi gani.

Kwa hiyo barua ya uteuzi iandikwe upya. Mradi wa malipo auongoze mhasibu mkuu, wa mizigo mkuu wa stoo, na mtu wa TEHAMA akae kando yao akiwa na haki ya kusema "hili haliwezekani" na "hili litachukua mwaka." Tathmini ya mwaka ya huyo mhasibu ipimwe kwa kuangalia kama yale madaftari ya chini ya meza yametoweka bila mtu kunyang'anywa. Atalalamika kwamba hana muda, kwa kuwa hesabu za mwaka zinafungwa na wakaguzi wako mlangoni. Akisema hivyo, mradi usubiri mpaka atakapoupata.